Kalkuleta ya Casio, Desmos au GeoGebra? Tumezipima kwa funksheni za rashonali

Andika (x² − x − 6)/(x² − 9) kwenye programu ya grafu ya simu, na mchoro utakaotokea utaonekana mzima kabisa penye x = 3. Si mzima. Hapo pana tundu: ukiweka 3, juu panabaki sifuri na chini panabaki sifuri, na jibu halipo. Mwanafunzi anayenakili skrini kwenye karatasi atapitisha penseli juu ya tundu hilo bila habari, na msahihishaji atamkata alama bila huruma.

Hicho ndicho kipimo tulichotumia. Hatukuhesabu vitufe wala kusifu rangi za skrini. Tuliuliza jambo moja tu: kifaa kinasema nini pale ambapo funksheni haipo? Maana funksheni ya rashonali, yaani polinomia moja (kama x² − x − 6) iliyogawanywa kwa nyingine, hujulikana kwa mahali ilipokatika kuliko mahali ilipo.

Tumechukua vifaa ambavyo mwanafunzi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anavipata bila kuagiza mbali: kalkuleta za Casio fx-82MS na fx-991ES PLUS, programu za grafu za Desmos na GeoGebra kwenye simu, na karatasi ya grafu. Walengwa ni hasa wa mwaka wa kwanza, wale wanaokutana na somo hili kwenye vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro au Egerton, na mzazi anayetaka kujua kama kalkuleta ghali zaidi ina faida yoyote.

Maneno machache kwanza ili tusipotezane. Polinomia ya juu tunaiita kiasi na ya chini asili, kama kwenye sehemu za shule ya msingi. Asimtoti ni mstari ambao mchoro unausogelea bila kikomo. Tundu ni pointi moja iliyong'olewa kwenye mchoro.

Funksheni za majaribio ni tatu:

f(x) = (x² − x − 6)/(x² − 9)
h(x) = (x² − 4x + 3)/(x² − 4)
s(x) = (x² − 2x + 4)/(x − 2)

Kabla ya kuwasha chochote, majibu sahihi hupatikana kwa mkono, na bila majibu hayo huwezi kukipima kifaa. Hatua ya kwanza ni kutafuta vigawo, juu na chini. f inakuwa (x − 3)(x + 2) juu ya (x − 3)(x + 3). Kigawo (x − 3) kiko pande zote mbili, kinafutika, na panapofutika panabaki tundu. Kimo cha tundu hukipati kwenye fomula ya mwanzo. Weka 3 kwenye kilichobaki, (x + 2)/(x + 3), upate 5/6. Kwa hiyo tundu liko (3, 5/6). Kigawo (x + 3) hakikufutika, basi x = −3 ni asimtoti ya wima.

Hapa wengi hukosea kwa haraka. Kufutika hakutoshi, angalia kilichobaki chini. Ukiwa na (x − 3) moja juu na (x − 3)² chini, moja inafutika na nyingine inabaki, kwa hiyo x = 3 bado ni asimtoti wala si tundu. Tena kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi: ukisharahisisha, usisahau kuandika kwamba x ≠ 3. Fomula rahisi hukubali 3, ya mwanzo haikubali, na swali linauliza ya mwanzo.

h ni (x − 1)(x − 3) juu ya (x − 2)(x + 2). Hakuna kinachofutika. Asimtoti za wima ni x = 2 na x = −2; mhimili wa x unakatwa penye 1 na 3; mhimili wa y penye −3/4. Asimtoti ya mlalo hutokana na kulinganisha digrii, yaani kipeo kikubwa zaidi cha x juu na chini. Kiasi kikiwa na digrii ndogo kuliko asili, ni y = 0. Zikilingana, gawanya vizigeu vya mbele (namba zinazozidisha x yenye kipeo hicho), na hapa 1 kwa 1 ni y = 1. Kiasi kikizidi kwa digrii moja, mstari ni wa mshazari na unapatikana kwa mgawanyo mrefu. Kikizidi kwa mbili au zaidi, hakuna asimtoti ya mlalo wala ya mshazari.

s ndiyo ya mshazari: gawanya upate x na baki 4, yaani s(x) = x + 4/(x − 2). Asimtoti ni y = x na x = 2. Kiasi x² − 2x + 4 hakina sufuri, yaani x inayokifanya kiwe 0, kwa sababu diskriminanti yake (b² − 4ac) ni 4 − 16, hasi, kwa hiyo mchoro haugusi mhimili wa x kabisa.

Sasa vifaa.

Casio fx-82MS

Hii ndiyo iliyojaa kwenye mikoba ya wanafunzi, na kwa kazi za kawaida haina neno. Kwa funksheni za rashonali ni jembe la mkono: haina hali ya TABLE, inayotoa jedwali la thamani kwa mara moja. Kila thamani ya x unaikokotoa peke yake. Unaweza kuandika fomula kwa herufi X, kuhifadhi thamani mpya kwenye X, kisha kurudi kwa kishale hadi kwenye fomula na kubonyeza = tena. Hiyo inapunguza kuandika upya, lakini jedwali la pointi 17 bado litakula dakika nyingi.

Ukiweka x iliyokatazwa inakuambia Math ERROR, na hapo imesema kweli. Haisemi zaidi. Kama ndiyo uliyonayo, itumie kwa pointi tano au sita ulizochagua kwa akili, moja katika kila kipande kati ya asimtoti na sufuri, ili ujue ishara tu. Kwa h pointi hizo ni −3, 0, 1.5, 2.5 na 4. Huna haja ya zaidi ya hapo kuchora umbo.

Casio fx-991ES PLUS

Tofauti ya bei kati yake na ile ya kwanza, kwa kazi hii, unailipia kitu kimoja: TABLE. Bonyeza MODE kisha 7. Itaomba f(X)=; andika fomula, X ukiitoa kwa ALPHA. Matoleo mengine huuliza na g(X); bonyeza = upite. Kisha Start, End na Step. Kwa h weka −4, 4 na 0.5. Unapata mistari 17, na kwenye x = −2 na x = 2 safu ya pili inaandika ERROR badala ya namba. Jedwali zima, nusu dakika.

Ukomo ni mistari 30 kwa funksheni moja. Ukitaka −10 hadi 10 kwa hatua ya 0.5 hiyo ni mistari 41, na kalkuleta itakataa kwa kudai kumbukumbu haitoshi. Haijaharibika. Punguza masafa au ongeza hatua.

Tatizo lake kubwa limejificha kwenye Step, na tumeliona linafaa kuelezwa polepole. Chukua h tena, kutoka −4 hadi 4, lakini hatua iwe 0.3. Jedwali litapita −2.2 kisha −1.9. Hakuna −2 humo, basi hakuna ERROR. Penye −2.2 inaandika 19.81 na penye −1.9 inaandika −36.44. Mwanafunzi asiyetafuta vigawo kwanza atachukua rula na kuunganisha pointi hizo mbili kwa mstari unaoshuka kama jiwe, na tayari amechora kitu ambacho hakipo. Cha ajabu, hatua hiyo hiyo ya 0.3 inaigonga 2 barabara na kuonyesha ERROR. Kwa hiyo jedwali moja linakamata asimtoti moja na kukosa nyingine, na kwa macho linaonekana la kuaminika kabisa. Dawa yake ni kuchagua Start na Step ambazo lazima zipite kwenye x zilizokatazwa, na ili ufanye hivyo lazima uwe umeshazijua.

Jambo la pili: ERROR ya tundu na ERROR ya asimtoti zinafanana kama mapacha. Ingiza f na utaona ERROR penye −3 na ERROR penye 3. Kutofautisha, usome majirani. Weka Start 2.99, End 3.01, Step 0.01: pembeni mwa ERROR zinatokea 0.83306 na 0.83361, namba mbili zinazokaribia kulingana, na katikati yake ndipo ilipo 5/6. Hilo ni tundu. Rudia kwa −3.01 hadi −2.99: pembeni ni 101 na −99. Hiyo ni asimtoti, na ishara zimekwambia pia upande wa kushoto unapaa na wa kulia unazama. Mbinu hii ya majirani wawili ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza kalkuleta hii kwa anayefanya mtihani bila simu.

MODE 5, ya milinganyo, nayo inasaidia: chaguo la 3 linatatua x² na la 4 linatatua x³. Ingiza vizigeu vya kiasi upate sufuri, vya asili upate x zilizokatazwa. Kwa s itakupa sufuri zenye i ndani. Maana yake mchoro haukati mhimili wa x. Usizipige kwenye grafu.

Kuhusu mtihani, karatasi za Hisabati za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, zinaruhusu kalkuleta isiyo na sauti na isiyoweza kuprogramiwa, pamoja na majedwali ya baraza la mitihani, KNEC, isipokuwa pale swali linaposema vinginevyo. Simu haiingii chumbani. Chuoni, uliza idara kabla ya siku yenyewe.

Kosa la mabano, linalovipata vifaa vyote

Tulitaka kuliweka hili mwishoni lakini linaharibu matokeo mengi mno. Ukiandika x² − 4x + 3 ÷ x² − 4 kwa mfululizo, bila mabano, Casio inagawanya 3 peke yake kwa x², halafu inatoa 4. Desmos nayo, ukibonyeza alama ya mgawanyo baada ya 3, inaiweka 3 pekee juu na kila unachoandika baadaye kinaingia chini, kwa hiyo unapata x² − 4x + 3/(x² − 4).

Wengi huhakiki kwa kuweka x = 0, kwa sababu ni rahisi. Kwenye Desmos hakiki hiyo inakudanganya: fomula yenye kosa inatoa 3/(−4), yaani −0.75, sawasawa na jibu halali. Hakiki kwa sufuri unayoijua. h(1) lazima iwe 0. Fomula yenye kosa inatoa −4, kwenye Desmos na kwenye Casio pia. Ukiona −4, rudi kwenye mabano.

Desmos

Ni ya bure, nyepesi, na ukishaipakua kwenye simu inachora bila bando. Kwa kuona umbo, hakuna iliyoishinda hapa. Gusa mchoro na vitone vya kijivu vinatokea penye sufuri, penye mhimili wa y, na penye kona za juu na za chini. Ingiza s na utaviona viwili, (0, −2) na (4, 6). Ingiza h, kisha kwenye mstari wa pili andika y = 1, na kitone kitatokea mahali vinapokatana, (1.75, 1).

Hicho kitone kinastahili maelezo. Wanafunzi wengi wameaminishwa kwamba mchoro hauvuki asimtoti kamwe. Ya wima, ndiyo, haivukwi, maana funksheni haipo hapo. Ya mlalo inahusu mwisho wa safari tu, x inapokuwa kubwa sana au hasi sana. Katikati mchoro unaweza kuikata. Kwa mkono unasawazisha: x² − 4x + 3 = x² − 4, x² zinaondoka, inabaki 4x = 7. Desmos inaonyesha jambo hili vizuri kuliko ubao wowote.

Inapoanguka ni kwenye tundu. Mchoro wa f unapita 3 kama kwamba hakuna kitu. Ni hadi uguse mchoro na kuburuta kidole polepole hadi x = 3 ndipo kiduara kitupu kinatokea na neno undefined. Anayejua atatafuta, asiyejua hataona. Asimtoti nazo haikuandikii: unazikokotoa mwenyewe na kuziandika kama mistari, x = 2, x = −2, y = 1. Ukibonyeza kwa muda kile kiduara cha rangi pembeni unaweza kuufanya mstari uwe wa vidoti. Sisi hatulihesabu hilo kama kasoro. Anayelazimika kuandika asimtoti mwenyewe huzikumbuka.

Kasoro ya kweli ni eneo la skrini. Inafunguka ikionyesha x kama −10 hadi 10, na maswali ya maisha hayakai humo. Tuseme mtengenezaji wa sukari nguru upande wa Kakamega analipa shilingi 6,000 za kukodi mtambo na shilingi 45 kwa kila kilo. Gharama ya wastani kwa kilo ni (6000 + 45x)/x. Iingize na skrini inabaki tupu. Penye kilo 10 gharama ni shilingi 645, juu sana ya dari ya skrini. Panua x hadi 1,500 na y hadi 200, ndipo uone mteremko: kilo 100 zinatoka shilingi 105 kila moja, kilo 1,000 zinatoka 51, na mchoro unasogelea 45 bila kuifikia. Asimtoti ya y = 45 ndiyo gharama ambayo hakuna wingi wa miwa utakaoishusha.

Skrini tupu angalau inakushtua. Mbaya zaidi ni skrini inayoonekana sawa. Mtu anatoka Kisumu kwenda Nakuru kupitia Kericho na Mau Summit, malori yamejaa mlimani, wastani wake ni kilomita 60 kwa saa. Anarudi njia hiyo hiyo kwa kasi ya v. Wastani wa safari nzima ni 120v/(60 + v). Kwenye skrini ya mwanzo ya Desmos huo mchoro unapita kwenye sifuri na kupanda karibu kama mstari ulionyooka. Mtu akiapa kwamba ni mstari hutamlaumu. Panua hadi v = 200 na uone unavyoinama. Kwa 80, kikomo cha kasi cha matatu, wastani ni 68.57. Kwa 120 ni 80. Na asimtoti ya mlalo ni 120: hata ungerudi kwa ndege ya kivita, wastani hautafika mara mbili ya kasi ya kwenda, kwa sababu muda uliopoteza Kericho umeshapotea. Asimtoti ya wima, v = −60, haina maana barabarani na haifai kuchorwa kwenye jibu la swali hilo.

GeoGebra

Hii ilianza mwaka 2001 huko Austria kama kazi ya Markus Hohenwarter ya shahada, na inaonekana imeundwa na mtu wa hisabati. Nayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishaiweka. Tofauti na Desmos ni amri. Andika h(x) = (x^2-4x+3)/(x^2-4), kisha Asymptote(h), na inatoa orodha: y = 1, x = −2, x = 2. Kwa s inatoa ule mshazari y = x pamoja na x = 2. Factor inatoa vigawo. Division(x^2-2x+4, x-2) inatoa jibu la mgawanyo na baki: x na 4. Katika matoleo mapya ipo RemovableDiscontinuity(f), inayoliweka tundu mahali pake, (3, 0.83), kama pointi tupu. Hakuna kifaa kingine kati ya hivi kinacholitaja tundu bila kubembelezwa.

Lakini bila amri hiyo, mchoro wa f wa GeoGebra ni mzima kama wa Desmos. Na jina la amri ni refu, la Kiingereza, na simu ndogo hukukatia neno katikati. Mwanafunzi anayeanza atapoteza dakika kumi akitafuta mabano kwenye kibodi yake.

Extremum, amri ya kutafuta kilele na bonde, nayo ina sharti. Extremum(s, 3, 5) inatoa (4, 6), sawa. Extremum(s, −1, 1) inatoa (0, −2), sawa. Ukiipa kipindi cha kutoka 1 hadi 3 umeipitisha juu ya x = 2, mahali palipokatika, na amri hiyo imetengenezewa funksheni isiyokatika ndani ya kipindi. Jibu lolote litakalokuja usilitegemee. Gawa vipindi kwenye asimtoti kila mara.

Thamani za y za s ni mfano mzuri wa kile GeoGebra haikufanyii. Ukiona kona ya kushoto iko −2 na ya kulia iko 6, ni kishawishi kuandika kwamba y iko kati ya −2 na 6. Ni kinyume kabisa. Tawi la kushoto linafika −2 kama kilele chake na kushuka. La kulia linaanzia 6 kama bonde lake na kupanda. Katikati hakuna kitu. Kwa mkono inathibitika hivi: zidisha, y(x − 2) = x² − 2x + 4, panga iwe x² − (2 + y)x + 4 + 2y = 0, na udai diskriminanti isiwe hasi. Inatoka y² − 4y − 12, yaani (y − 6)(y + 2), isiyopungua sifuri. Kwa hiyo y ≤ −2 au y ≥ 6. Skrini inakuonyesha, lakini hoja ni hiyo, na alama ziko kwenye hoja.

Ndiyo maana GeoGebra tunaipa nafasi ya kusahihisha, si ya kutanguliza. Anayeanza na Asymptote(h) atakuwa na majibu yote na hatajua hata moja lilitoka wapi. Anayemaliza kwa mkono kisha akaiuliza, atajua alipokosea ndani ya sekunde.

Karatasi ya grafu

Inasahaulika kwenye tathmini kama hizi, na ndiyo inayosahihishwa. Chukua yenye vimraba vya milimita 2. Kwa h, sentimita 1 iwe uniti 1 kwenye mihimili yote miwili, x kutoka −6 hadi 8. Chora asimtoti kwanza kwa vidoti, kabla ya pointi yoyote. Kisha sufuri na mkato wa y. Kisha ishara za kila kipande: kushoto kwa −2 ni chanya, −2 hadi 1 ni hasi, 1 hadi 2 chanya, 2 hadi 3 hasi, baada ya 3 chanya. Ishara zinakwambia tawi linapaa au linazama kwenye asimtoti. Kigawo cha asili chenye kipeo cha witiri hubadili ishara, upande mmoja juu na mwingine chini. Chenye kipeo cha shufwa, kama 1/(x − 2)², huacha pande zote mbili zikielekea kumoja.

Miisho nayo: h − 1 ni (−4x + 7)/(x² − 4). x ikiwa hasi kubwa jibu ni chanya, basi kushoto mchoro unasogelea y = 1 kutoka juu; kulia unaisogelea kutoka chini. Mistari miwili ya kazi, na inakuokoa na kosa la kuchora mkia upande usio wake. Tundu la f lichorwe kwa kiduara kitupu, na kuratibu zake ziandikwe pembeni.

Ununue nini?

Mwenye fx-82MS na simu hana haja ya kununua kitu: Desmos ya kuona, GeoGebra ya kusahihisha, karatasi ya kujibia. Anayekaribia mtihani ambao swali hili litatokea bila simu, aongeze pesa achukue yenye TABLE. Kalkuleta za grafu zenye skrini kubwa hatuzipendekezi hapa. Ni ghali, na mtihani unaodai kalkuleta isiyoweza kuprogramiwa hautaziruhusu.

Ukizunguka maduka ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu au Kenyatta Avenue mjini Nakuru, usilipe kabla ya kuijaribu kaunta. Ingia TABLE, andika 1÷(X−2) ukiwa na mabano, Start 0, End 4, Step 1. Safu ya pili isome hivi: −0.5, −1, ERROR, 1, 0.5. Ikiandika namba yoyote kwenye mstari wa tatu, mrudishie muuzaji.